Kliniki ina jina la daktari, lakini uamuzi uko kwa nani?

Swali: Kaka yangu ni daktari katika jimbo la Oregon, Marekani. Anasema sheria ya huko inataka kliniki zimilikiwe na madaktari, ilhali muda wa kuonana na mgonjwa na hata bei hupangwa na kampuni ya wawekezaji. Jambo hilo linawezekanaje kisheria?

Jibu: Majimbo mengi ya Marekani yana kanuni ya zamani inayozuia kampuni ya kibiashara kutoa tiba, kwa hoja kwamba anayemtibu mgonjwa hapaswi kupokea amri kutoka kwa mtu asiye na leseni. Oregon ilitosheka na sharti kwamba madaktari wawe na hisa nyingi kuliko wengine. Wawekezaji hawakulivunja sharti hilo, bali walilizunguka.

Huunda kampuni ya uendeshaji ambayo haimtibu mtu yeyote, kisha humtafuta daktari mmoja, mara nyingine mwajiriwa wao wenyewe, ili hisa za kliniki ziandikwe kwa jina lake. Mkataba wa kwanza huipa kampuni hiyo, kwa malipo ya ada, kazi za majengo, vifaa, ajira na madai ya bima. Huo peke yake hauna ubaya, kwa kuwa daktari hakusomea kudai fedha za bima. Tatizo limo katika mkataba wa pili, ambao wengi hawausomi: daktari hawezi kuuza hisa zake ila kwa mtu aliyeteuliwa na kampuni, nayo kampuni inaweza kumwondoa wakati wowote na kumweka mwingine kwa bei isiyo na maana. Mmiliki wa namna hiyo ni sawa na mwenye nyumba ambaye funguo zote anazo mpangaji.

Tarehe 9 Juni 2025 gavana Tina Kotek alisaini sheria iliyolenga mkataba huo hasa. Sheria hiyo inazuia, isipokuwa kwa hali chache, mtu mmoja kuwa mmiliki mkuu wa kliniki huku akiitumikia kampuni inayoiendesha, na inaikataza kampuni kuamua ajira za matabibu, muda wa kumwona mgonjwa, na bei. Pia inabatilisha sehemu kubwa ya vifungu vinavyomfunga mdomo daktari au kumzuia kuhamia kwingine.

Kwa maoni yangu udhaifu wake upo katika misamaha, kwa sababu hospitali zimeachwa nje. Jimbo la Massachusetts, lililoona kampuni ya hospitali ya Steward ikifilisika mwaka 2024 baada ya kuuza majengo ya hospitali zake na kisha kuyakodi, lilichukua njia tofauti: sheria yake iliyosainiwa Januari 2025 inapanua wajibu wa wawekezaji kutoa taarifa za umiliki, na inazuia leseni mpya kwa hospitali ambayo jengo lake kuu limekodiwa kutoka kwa mfuko wa uwekezaji wa majengo.

Kaka yako aulize kampuni yao ilianza lini. Zilizokuwapo kabla ya sheria ya Oregon zimepewa hadi tarehe 1 Januari 2029 kurekebisha umiliki, na mpya zilibanwa kuanzia Januari 2026.