Muulize Fundi: Kona imeanguka, tuingie tutoe ngazi?

*Shikamoo Mzee. Jengo la familia yetu liko katikati ya mji. Lina ghorofa tatu, ni la tofali na chokaa, na umri wake umepita miaka mia moja. Tangu babu afariki halikai mtu, maana warithi ni wengi na hatuelewani. Mvua za mwaka huu zimeangusha kona ya nyuma, kuanzia paani hadi ghorofa ya pili. Mbele bado pamesimama. Ndani kuna ngazi ya mbao ya kuzunguka, kioo cha rangi juu ya mlango mkubwa, vigae vya maua sakafuni na dari ya plasta yenye nakshi. Binamu zangu wanataka tuingie Jumamosi na mitaimbo, tuvitoe vyote kabla wezi hawajatuwahi. Unatushauri nini?*
*Mjukuu*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo Jumamosi: msiingie. Kona ndiyo iliyokuwa inazifunga kuta mbili pamoja. Sasa kila ukuta umesimama peke yake, na boriti zilizokuwa zimechomekwa pale zinaning'inia kwa ncha moja. Nyumba ya namna hiyo inaweza kukaa miezi sita bila kutikisika, na inaweza kushuka kwa pigo moja la mtaimbo kwenye fremu ya mlango. Ukiwa barazani huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kuna mtu ninayemkumbuka kila nikipata barua kama yako. Richard Nickel alikuwa mpiga picha wa Chicago, Marekani. Majengo ya msanifu Louis Sullivan yalipokuwa yanabomolewa, yeye alikuwa anayapiga picha na kuzitoa nakshi zake kwa mikono: terakota (udongo wa kuchoma), plasta, vyuma vya kusubu. Sehemu kubwa ya alivyookoa ilikwenda Chuo Kikuu cha Southern Illinois, huko Edwardsville. Tarehe 13 Aprili 1972 aliingia peke yake katika jengo la zamani la soko la hisa, ubomoaji ukiwa umefika katikati. Jengo likamwangukia. Mwili wake ulipatikana mwezi uliofuata. Alikuwa na miaka 43. Ukumbi wa biashara wa jengo lile ulijengwa upya ndani ya makumbusho ya Art Institute, na tao la lango lake limesimama nje hadi leo. Ni tao zuri mno, lakini nikiiona picha yake namwona kijana aliyeingia bila mwenzake wa kumwambia "toka".

Sasa, nani amewaambia kwamba nyumba imekufa? Miaka yangu thelathini katika kazi hii imenifundisha kwamba jengo la tofali na chokaa haliuawi na umri. Linauawa na maji. Gata inazibwa na majani, hakuna anayepanda kuisafisha, maji yanafurika na kushuka ndani ya ukuta badala ya kupita kwenye bomba. Chokaa inalainika na kumomonyoka. Kisha zinafuata ncha za boriti, zile zilizojificha ukutani. Niliwahi kuipima boriti moja ambayo katikati ilikuwa ngumu, msumari unapinda. Nikachimba tofali mbili pale inapoingia ukutani, nikachoma kisu cha mfukoni, kikazama hadi mpinini. Nilipokichomoa kilitoka na unga wa kahawia wenye harufu ya uyoga. Boriti ikishaoza ncha, ukuta unakosa cha kuushika, unaanza kutoa tumbo, na siku moja kona inaondoka. Na kama kuna aliyewahi kupiga lipu ya saruji nje ili kuficha nyufa, alizidisha ugonjwa: unyevu uliokuwa unapumulia kwenye chokaa ulifungiwa ndani.

Nyumba yenye watu, mtu husikia tone usiku akaweka ndoo, asubuhi akaita fundi. Nyumba yenu haikuwa na wa kusikia.

Kwa hiyo kabla ya mtaimbo, mtafuteni mhandisi wa miundo anayeyajua majengo ya chokaa. Msichukue yule ambaye jibu lake kwa kila kitu ni zege. Atawaambia kama mbele panaweza kushikizwa kwa mihimili, paa lifunikwe turubai na kona ijengwe upya. Nimeona majengo yaliyopoteza zaidi ya kona yakirudi kukaliwa. Ila hata hapo mwende taratibu, kwa sababu ukarabati wenyewe una hatari yake. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini, na watu wakapoteza maisha. Jengo lililodhoofika halipendi kuguswa ovyo, hata na mwenye nia njema.

Halafu kuna jambo ambalo binamu zako hawajaligusa. Jengo la umri huo huenda liko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na mara nyingi ulinzi huo unagusa ngazi na dari pia. Kuvitoa bila kibali ni kosa hata kama nyumba ni yako. Na nyumba si yenu peke yenu. Mrithi akiondoka na kioo cha rangi bila wenzake kujua, mbele ya wenzake yeye ndiye mwizi mliyekuwa mnamwogopa. Andikeni orodha ya kila kitu, wote mtie saini. Nimeona familia zilizoshindwa kuelewana kuhusu nyumba zikaelewana kuhusu orodha, na kutoka hapo mazungumzo yakaanza.

Tuseme mhandisi amesema haiponi, kibali kimetoka, na mihimili imewekwa. Hapo ndipo kazi ya kuokoa inaanza, na inaanza na kamera na penseli. Piga picha chumba kizima, kisha ukuta, kisha kitu chenyewe na utepe wa kupimia pembeni. Chora ramani. Kila kipande kipewe namba mgongoni kabla hakijaguswa.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Nikiwa kijana tulitoa ngazi ya kuzunguka kama yenu, fimbo 46 za kushikilia mkono wa ngazi, tukazifunga mafungu kama kuni. Tulidhani zinafanana. Tulipotaka kuzirudisha tukakuta kila moja imekatwa kichwa kwa mshazari wake, kulingana na mzunguko pale iliposimama. Zikalala stoo miaka, mwisho zikatumika kutengenezea viti. Jambo lililoniuma zaidi niliona baadaye, nilipogeuza ubao wa kukanyagia: chini yake seremala wa kwanza alikuwa amechonga alama kwa tindo, mstari mmoja, miwili, mitatu, na kuendelea. Yeye alizipa namba zake. Sisi hatukuangalia.

Kutoa ni kinyume cha kujenga, kilichoingia mwisho kinatoka kwanza. Kioo cha rangi kitoeni pamoja na fremu yake ndogo, na kibebwe kikiwa kimesimama, kamwe kisilazwe, maana vipande vyake vimeshikwa na vijiti vya risasi ambavyo ni laini na vinapinda kwa uzito wa kioo chenyewe. Vigae vianzieni ukingoni, pale palipokwisha kulegea, kwa tindo jembamba lililolazwa. Vikiwa juu ya chokaa vitatoka vizima, vikiwa juu ya saruji mtavunja vingi. Dari ya plasta haibebeki nzima. Chukueni kalibu ya kila nakshi, kateni kipande kimoja kizuri kama kielelezo, na mridhike. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, kwa hiyo msizipige msasa mkavu, na watoto wasikaribie vumbi lile.

Mlango mkubwa uwe wa mwisho kabisa. Najua ndio mnaoutamani, na ndio wezi wanaoutaka. Lakini katika nyumba iliyokaa vibaya, tao la juu likishapasuka ukuta huwa unalala juu ya fremu. Mlango umeacha kuwa pambo, umekuwa nguzo. Angalieni kama bado unafunguka. Ukikwama, au ukisugua sakafu upande mmoja, unabeba mzigo, na usiguswe mpaka ukuta ulio juu yake uwe umeteremshwa.

*Mzee, najenga nyumba mpya na nimeuziwa mlango wa kale wenye nakshi na tofali kuukuu. Mke wangu anasema tunachangia kubomoa miji. Ni kweli?*
*Msomaji*

Mkeo ameuliza swali ambalo ulipaswa kumuuliza muuzaji. Mlango ulitoka kwenye jengo gani, lilibomolewa lini, kwa kibali cha nani, na picha yake ukiwa bado ukutani iko wapi? Muuzaji mkweli huwa nazo, maana zinampandishia bei. Asiyekuwa nazo huenda aliung'oa kwenye nyumba iliyokuwa inangoja tu gata isafishwe, na nyumba isiyo na mlango mvua na wavunjaji huimaliza upesi. Ukikosa majibu, uache.

Tofali ni jambo jepesi. Gonga udongo ulionata juu yake kwa nyundo ndogo. Ukipukutika ni chokaa, tofali litasafishika na kujengewa tena. Ukiona tofali linavunjika kabla ya udongo, hiyo ni saruji, mrudishie. Na utakapojengea, tumia chokaa, ili atakayeibomoa nyumba yako naye aweze kuzitoa nzima. Mlango ukiupata kwa njia safi, andika nyuma ya mwimo, kwa penseli, jengo ulikotoka na mwaka uliouweka.