Pikipiki ya safari ndefu: mpya, au iliyotumika yenye kilomita 40,000?

Mkuu, umeuliza ununue mpya au uchukue hiyo iliyotumika ya kilomita 40,000, na kinachokutia hofu ni hizo kilomita. Kwa pikipiki ya safari ndefu, hizo si nyingi. Injini kubwa ikitembea barabara kuu kwenye gia ya juu haichoki kama ya kuwasha na kuzima mjini. Ya kuogopa ni ya miaka 10 yenye kilomita 6,000. Imekaa tu: petroli imeganda kwenye injekta, sili za shokapu (mipira inayozuia mafuta yasivuje) zimekauka, mafuta ya breki yamenyonya unyevu, na tairi zimekuwa ngumu ingawa ukiziangalia hazina kipara.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, hutajua inavyowaka asubuhi ikiwa baridi, na hapo ndipo ugonjwa huonekana. Bora urudi siku nyingine.

Soma tairi ubavuni, tarakimu nne za mwisho wa maandishi ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka mitano, hesabu bei ya jozi mpya papo hapo.

Shika breki ya mbele, kandamiza hendo mara tano kwa nguvu, kisha pitisha kidole kwenye bomba linalong'aa la shokapu. Kidole kikitoka na mafuta, sili imekwisha, na mafuta hayo yakishafika kwenye pedi za breki nazo ni za kutupa. Halafu iweke kwenye stendi ya kati, mtu akalie nyuma gurudumu la mbele lielee, zungusha hendo taratibu pande zote. Ikinasa katikati kama imetumbukia kishimoni, beringi za usukani zimeumia. Hapo hapo angalia kizuizi cha usukani kwenye fremu, kile kinachozuia hendo isigeuke kupita kiasi. Kikiwa kimebonyea au kimepakwa rangi upya, huenda ilianguka au ilipata ajali ya mbele, hata kama plastiki zote zinang'aa. Namba ya chesisi mara nyingi iko karibu na hapo, ilinganishe na ya kwenye kadi.

Kama ni ya cheni, ivute nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiachia nusu ya jino lionekane, cheni na sproketi zote mbili hubadilishwa pamoja, kwani cheni mpya kwenye meno mabovu haidumu. Kama ni ya shafti (fimbo inayozungusha gurudumu badala ya cheni), shika gurudumu la nyuma juu na chini ulitikise. Likicheza, au mpira wa shafti ukivuja mafuta, achana nayo.

Betri iliyotulia, injini ikiwa imezimwa, isome volti 12.6 hivi. Injini ikizunguka 3,000 kwa dakika, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, mfumo wa kuchaji una tatizo, na pikipiki yenye taa za ziada na vishikio vya kupasha mikono joto itakuacha njiani.

Watu wengi husahau kupima nafasi ya vali za injini. Injini nyingine hudai zipimwe kila kilomita 10,000, nyingine 24,000 au zaidi. Soma kitabu chake. Gharama iko kwenye saa za fundi, maana mara nyingi kava na tangi hutolewa. Kwa kilomita 40,000, kama hakuna karatasi ya sevisi inayoonyesha zilipimwa, zihesabu kuwa hazijaguswa.

Jumlisha hayo yote na bei ya muuzaji. Ikifika robo tatu ya bei ya mpya, mimi ningenunua mpya, yenye garantii na historia unayoijua. Ila uliza masanduku ya pembeni na stendi ya kati kama vimo kwenye bei, kwa kuwa mara nyingi huuzwa kando, na usisahau sevisi ya kwanza ya kilomita 1,000. Jumla ikibaki chini ya hapo na karatasi zipo, chukua iliyotumika bila wasiwasi.

Ukiichukua, badilisha oili, filta, maji ya kupozea injini na mafuta ya breki kabla ya safari yoyote, hata kama umeambiwa ni vipya. Kisha itembeze kilomita 200 karibu na nyumbani ikiwa na mzigo kamili, na ukirudi kagua chini ya injini kwa tochi.