Tulicheka, kisha tukamtafuta muuaji

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, ni sawa hadithi ya mauaji ituchekeshe? Mkatoa mfano wa wanamazingaombwe wanaouana jukwaani: mtu anakatwa kwa msumeno ndani ya sanduku, safari hii hatoki mzima, na wasomaji wanavunjika mbavu. Nilijibu kwa sauti, peke yangu jikoni: hapana. Mtu kafa, cha kuchekesha ni nini?

Mwaka 1989 nilikuwa darasa la tano, kijijini kwetu Kondoa. Alikuja mtu wa mazingaombwe aliyejiita Profesa, kama walivyojiita wengi wa kazi ile, pamoja na kijana wake wa kumsaidia, wa miaka 14 hivi. Kiingilio shilingi tano. Tulitoa madawati nje tukayapanga chini ya mwembe. Profesa alitoa kitambaa sikioni mwa mwalimu mkuu. Akameza nyembe, akazitoa mdomoni zikining'inia kwenye uzi. Kisha akamlaza yule kijana, akamfunika shuka, akamchinja. Damu ilitoka, na watoto wa darasa la kwanza wakaangua kilio. Mara kijana akaruka, akacheza, shingo nzima. Naomba mlishike hilo, maana kuanzia pale tulikuwa tumeshafundishwa kwamba maumivu yoyote tutakayoona mbele ya ule mwembe si ya kweli.

Mwisho ulikuwa kutema moto. Kijana akampa chupa ya soda, Profesa akajaza mafuta ya taa mdomoni, akainua mwenge, akapuliza. Moto ulitakiwa kwenda mbele na kuzimika. Huu ulirudi. Ndevu zikashika. Akawa anajipiga usoni kwa viganja viwili, anazunguka, anapiga magoti, na sisi shule nzima tunacheka. Tulipiga makofi kwa kufuata mdundo wa vile viganja. Harufu naikumbuka, kama ya kuku anayebabuliwa, na nakumbuka nilimwambia rafiki yangu, "Huyu anajua kuigiza." Kijana akavua shati, akamfunika nalo uso. Tukanyamaza kidogo, tukingoja shati lifunuliwe aruke njiwa. Mwalimu wa zamu ndiye aliyeshtuka wa kwanza, kwa sababu alimtazama kijana badala ya Profesa, akaona analia.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Tommy Cooper, mchekeshaji wa Uingereza aliyevaa tarbushi nyekundu na kujipatia jina kwa mazingaombwe yanayoharibika makusudi. Tarehe 15 Aprili 1984, katika ukumbi wa Her Majesty's Theatre, London, onyesho likirushwa moja kwa moja na televisheni, moyo ulimshinda akaanguka mbele ya pazia. Watazamaji walicheka, kumbe anakufa. Mtu anayewachekesha kila siku kwa kukosea, wangejuaje kwamba leo hakukosea? Niliposoma hivyo niliweka gazeti chini, nikatoka nje.

Lakini kucheka siko kunakonisumbua zaidi. Kinachonisumbua ni kesho yake. Kesho yake shule nzima ilikuwa wapelelezi. Nani kamtilia Profesa petroli? Maana chupa ilinuka petroli, hata mtoto alijua. Ushahidi tulikuwa nao: kijana ndiye aliyeshika chupa, na mpishi wa shule aliwasikia asubuhi wakigombania hela. Kesi imekwisha! Kijana alipokuja kisimani kuchota maji ya kumpelekea mgonjwa zahanati, tulimwita "Muuaji", ingawa Profesa alikuwa hai. Mmoja wetu alimpindulia ndoo. Alichota tena bila kusema neno.

Mwalimu wa sayansi akaenda dukani yalikonunuliwa mafuta ya taa. Akakuta dumu lililokuwa limebeba petroli ya pikipiki, likajaziwa mafuta ya taa kabla halijakauka. Petroli hutoa mvuke upesi hata bila kupashwa, na mvuke huo ndio ulioufuata mwenge ukarudi nao mpaka mdomoni. Hakuna aliyemtegea mtu. Muuaji wetu alikuwa dumu.

Ndiyo maana naijua kwa undani kesi ya mwanamazingaombwe Chung Ling Soo. Jina lake halisi ni William Robinson, Mmarekani aliyejifanya Mchina miaka yote na kukaa jukwaani bila kusema Kiingereza. Tarehe 23 Machi 1918, katika Wood Green Empire, London, wasaidizi wake walimfyatulia bunduki ili azidake risasi kwa sahani, kama ilivyokuwa kawaida yake. Bunduki zile zilikuwa za kushindilia baruti mdomoni, na zilikuwa zimetengenezwa kwa hila: moto wa fataki ulielekezwa kwenye bomba la chini, lile la kuwekea kijiti cha kushindilia, likalipuka baruti tupu, na risasi ya kweli ikabaki salama ndani ya mtutu. Kwa miaka chuma kililika, baruti ikapenya, na usiku ule mtutu wenyewe ukafyatuka. Alisema kwa Kiingereza kwamba limetokea jambo, pazia literemshwe. Alifariki siku iliyofuata. Uchunguzi wa kifo ukaamua ni ajali, baada ya siri ya bunduki kufunguliwa mbele ya watu. Uvumi kwamba aliuawa haukuisha kwa hukumu hiyo. Nami nawafikiria wale wasaidizi waliofyatua, waliotii kama kila usiku.

Nimefika hapa nikaona jibu langu la jikoni linalegea, kwa sababu nimekumbuka nilichokuwa nimekiacha. Baada ya wiki mbili Profesa alikuja shuleni kuchukua sanduku lake. Midomo ilikuwa ya zambarau kwa dawa ya GV, hawezi kusema. Tulisimama tumeinamisha vichwa. Akamsogelea mwalimu wa zamu, akatoa sarafu sikioni mwake. Hakuna aliyethubutu kutabasamu. Basi akatugeukia, akanyanyua mabega na kuyashusha, kama mtu anayecheka bila sauti, akitufanyia ishara kwa mikono: chekeni, chekeni. Tukacheka, wengine huku tunalia. Kijana alikuwa amebeba sanduku kichwani, hakucheka.

Kwa hiyo nabadilisha: ndiyo, ni sawa. Andikeni, tucheke. Watu wa kazi hiyo wenyewe wameishi kwa kufanya kifo mchezo, na Profesa alinipa ruhusa akiwa na kidonda mdomoni. Najua marehemu wa kwenye hadithi hawezi kutoa ruhusa kama hiyo, na hilo sina la kulijibu. Najua pia kwamba msiba ukiwa bado mbichi nyumbani kwa mtu, hadithi hiyo hatakiwi kupewa. Na nina ombi kwa atakayeandika. Wanamazingaombwe waoneane wivu, waibiane siri, wategeane mitego, tucheke mpaka tuchoke. Ila yule kijana anayeshika chupa, anayekabidhi bunduki, anayelala ndani ya sanduku, asiwe yeye aliyeua. Sisi tulishamtuhumu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata njiani siku ile kumwomba radhi.