Maswali yenu: hesabu ipi ya mwaka wa kwanza inakufaa?

Udahili ukianza, simu yangu haipumui. Nimechagua maswali machache, na yale yanayojirudia kila mwaka nimeyajibu kwa ufupi yanaostahili.

Somo gani la hesabu mwaka wa kwanza ni rahisi? (wengi mno)

Lile unalolijua tayari. Tuendelee.

Shikamoo mwalimu. Nimesoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia), BAM (hisabati tumizi ya msingi) nina B. Chuo kimeniachia nichague kalkulasi ya wanaosomea hisabati au ile ya wanafunzi wa fani nyingine. Wenzangu wanasema hiyo ya pili ni ya vilaza. (Morogoro)

Marahaba. Hao wenzako watakufanyia mtihani?

BAM imekugusisha difrensiesheni, intagresheni, matriksi na takwimu. Haikukufikisha kwenye namba changamano, wala fankisheni za haipaboliki, wala milinganyo ya difrensiali. Aliyesoma Hisabati ya Juu kidato cha tano na cha sita amepita kote huko, na mhadhiri wa somo la wana-hisabati anaanzia alipoishia huyo, si ulipoishia wewe. Kama unakwenda kwenye baiolojia, kilimo au afya, chukua la fani nyingine na usione haya. Kama moyo wako uko kwenye takwimu au fizikia, jipime kwanza.

Kaa mezani, simu iwe mbali, utafute intagrali ya x/(x+1). Ukikata x ya juu na ya chini, au ukiandika kwamba hiyo ni 1 + x, hujashindwa kalkulasi. Umeshindwa aljebra ya kidato cha pili. Mwenye msingi ataandika juu x + 1 − 1, apate 1 − 1/(x+1), kisha x − ln|x+1| + C. Katika karatasi ninazosahihisha, alama nyingi hupotea hapo, kabla kalkulasi yenyewe haijaanza. Ukipita, nenda na wana-hisabati. Ukikwama, una likizo nzima ya kurudi kwenye sehemu, vipeo na logi. Na zile programu za simu unazopiga picha swali zikakutolea jibu zisikudanganye, maana chumba cha mtihani huingii nazo.

PCM (fizikia, kemia, hisabati), Hisabati ya Juu nina A. Limiti na difrensiesheni nimeshamaliza, naweza kuruka wiki za mwanzo? (Dar es Salaam)

Swali hili hunipandisha presha. A yako inathibitisha kwamba unajua kusolvu. Analisisi ya chuo, yaani kalkulasi inayodai uthibitisho, haikuulizi hilo.

Chukua 2x + 1, x ikikaribia 3. Wewe unaweka 3, unapata 7, unafunga daftari. Mhadhiri anakwambia: mimi nakupa epsiloni yoyote chanya, hata ndogo vipi, wewe nitafutie delta, ili kila x iliyo karibu na 3 kwa chini ya delta ifanye 2x + 1 iwe karibu na 7 kwa chini ya epsiloni. Unaandika |2x + 1 − 7| = 2|x − 3|, kwa hiyo delta ikiwa nusu ya epsiloni, kazi imekwisha. Mistari miwili tu, lakini nimeona vijana wenye A wakiikodolea macho kama maandishi ya ukutani ya watu wa kale. Namna hiyo ya kufikiri hufundishwa katika wiki hizohizo unazotaka kuruka. Ukizikosa utaishi kwa desa (notisi za kukariri), na desa la analisisi halikaririki. Usije ukaniandikia tena kuuliza sapu, mtihani wa marudio, ni lini.

Nina KCSE (mtihani wa kidato cha nne Kenya), hesabu B+, nataka sayansi ya aktuaria (hesabu za hatari, kama za bima). Kalkulasi ya mwaka wa kwanza nitaiweza? (Mombasa)

Utaiweza, ila jua unapoanzia. Kenya iliachana na kidato cha tano na cha sita. Mtihani wa mwisho wa ngazi hiyo ulikuwa 1989. Kalkulasi yako ya kidato cha nne ni ya polinomia tu, pamoja na kukadiria eneo kwa trapeza. Difrensiesheni ya sine, ya logi na kanuni ya mnyororo utakutana nazo chuoni, tena kwa kasi. Usiruke somo la hesabu za msingi kwa kuliona la kitoto. Ukija kusoma Tanzania, utakaa darasani na waliosoma sekondari miaka miwili zaidi yako.

BAM inahesabiwa kwenye pointi? (Tabora, na wengine)

Hapana. Ni somo la ziada.

HGL (historia, jiografia, Kiingereza), nataka uchumi, hesabu nitaisomea hukohuko chuoni. (Iringa)

Fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), soma sifa za programu yenyewe, chuo kwa chuo. Siwezi kuwasomea kila mmoja. Programu nyingi za uchumi zinataka ufaulu wa hisabati mahali fulani, na anayekwambia atakupenyeza ukimtumia hela ni tapeli.

Binti yangu ana D ya Hisabati ya Juu, anataka uhandisi. Nimwelekeze ualimu wa hesabu? (mzazi, Mwanza)

Mzazi mwenzangu, D ni ufaulu kamili. Muulize yeye alipoteza alama kwenye mada zipi. Kama ni uwezekano na mantiki, uhandisi haujafungwa; kama ni intagresheni na vekta, ana kazi ya kufanya kabla ya Oktoba. Ila ualimu si jalala la walioshindwa kwingine. Miaka nenda rudi hisabati ndiyo inayoangusha watoto wengi kidato cha nne, na bado tunawapelekea mwalimu ambaye hakutaka kuwa pale.

Nimejisajili somo la wana-hisabati, wiki ya pili hii sielewi kitu. Nihame? (Dodoma)

Kuacha somo ni jambo moja, kuhama programu ni jingine. La kwanza linamalizwa idarani ndani ya muda wa kuongeza na kupunguza masomo. La pili linaweza kugusa mkopo wako, kwa hiyo pita dirisha la mikopo kabla hujasaini chochote. Na uende kesho asubuhi, usingoje matokeo ya testi ya kwanza.