Bibi Alipiga Bila Cheti: Kwa Mzazi Ambaye Mtoto Wake Anakwenda Chuo cha Sanaa

Wiki iliyopita baba mmoja wa Morogoro alinitumia ujumbe mrefu, saa tano usiku. Kijana wake wa sarakasi amepata nafasi ya kusomea sanaa za maonyesho, anaondoka mwezi ujao, na nyumba nzima haijielewi. "Dada," ameandika, "mama yake asubuhi anafurahi, usiku analia. Mimi nimempeleka mazoezini kwa pikipiki kila Jumamosi tangu ana miaka tisa. Sasa Jumamosi nitafanya nini?"

Kaka yangu, hilo swali la mwisho limenikaa kooni. Nililisoma mara tatu nikaweka simu chini. Ndilo swali nililokuwa nalo mwaka jana na sikuwa na wa kumuuliza. Wazazi wenzangu waliokuwa wakipeleka watoto kidato cha tano walikuwa wanazungumzia tranka na magodoro. Godoro nilinunua na mimi, lakini shida yangu haikuwa godoro.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Tabata. Binti yangu alianza ngoma akiwa darasa la nne, na alipofika la sita kikundi chao kikaenda UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi. Mavazi nilishona mimi. Wachezaji kumi na wawili, vitenge na vifunika kifua, usiku mmoja, taa ya cherehani ikinichoma jicho. Kuanzia siku hiyo nikawa mshonaji wa kikundi bila kuajiriwa. Alipoingia sekondari nikaendelea. Nilijua kiuno cha kila mtoto wa kile kikundi kwa inchi, nilijua nani ameongezeka na nani anaumwa. Jumamosi nilikuwa nafunga kibanda saa sita mchana, nabeba dumu la maji na mfuko wa njuga, nakwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya uwanja mpaka jua lizame. Kama unasoma makala hii nadhani hicho kiti unakijua. Umekikalia.

Matokeo ya kidato cha nne yakatoka, akapata divisheni ya pili. Akasema anataka chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Baba yake na mimi tulikubali siku ileile, hatukumsumbua. Waliotusumbua ni ndugu.

Kuna kikao kimoja cha ukoo sijakisahau na sidhani nitakisahau. Sisi ni Wagogo, watu wa Kongwa, na mkubwa mmoja wa familia alisimama mbele ya watu wote akasema: "Bibi yake amepiga muheme maisha yake yote bila cheti. Leo nyinyi mnalipa ada mtoto akafundishwe kupiga ngoma?" Watu wakacheka. Mume wangu akatazama chini. Mimi nikaenda jikoni nikajifanya naangalia wali, na machozi yakaniingia kwenye sufuria.

Jibu lilikuja baadaye, nikiwa kitandani, kama majibu yote mazuri. Ningemwambia kwamba chuo hicho kimekuwepo tangu 1981, mimi sijaanza hata darasa la kwanza. Kwamba serikali ilikifanya wakala wake mwaka 2007 ndipo kikaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa hiyo si uwanja wa mtu kuchezesha watoto wa watu. Kwamba ukumbi wake uliungua 2002 ukajengwa tena, na kitu kisicho na maana hakijengwi tena kikiungua. Na ningemuuliza, je, Hukwe Zawose alikuwa nani? Si Mgogo mwenzetu, aliyetoka kule kwetu na ala zetu, zeze na ilimba, akafundisha palepale Bagamoyo, akazunguka dunia mpaka anafariki 2003? Huyo naye hakujifunzia chuoni, ni kweli. Lakini vijana waliokaa mbele yake wakajifunza walikuwa wanafunzi, na walikaa darasani.

Sikusema hata moja. Nimeliandika hapa ili wewe uwe nalo mapema, maana kikao chako kinakuja.

Siku ya kumpeleka siielezi sana. Tulipanda gari Makumbusho, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, kila kituo nikimuuliza kama ana njaa. Ni kilomita 70 hivi, wala si safari. Lakini niliporudi nyumbani nikafunga mlango wa jikoni, njuga zikalia. Zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya ule mlango, alikuwa ameziacha. Nikageuka kumwita. Hiyo ilinitokea karibu kila siku kwa mwezi mzima, na sikuzitoa pale.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na ninaliandika kwa sababu najua wewe pia unaelekea huko.

Nilikuwa nampigia kila siku saa moja jioni. Saa moja ndiyo saa ambayo nyumbani tulikuwa tunakula na ananisimulia mazoezi. Hakuwa anapokea. Anapiga saa nne, sauti imekwisha, "mama nimechoka, nipo salama, kesho." Kesho hivyohivyo. Wiki ya sita nikaamua. Jumatano nikapika pilau, nikaitia kwenye hotpoti, nikaifunga kwa kanga, nikapanda gari bila kumwambia mtu.

Nilimkuta mazoezini. Wasichana kama kumi walikuwa mbele wanacheza sindimba, viuno vinakwenda, na mimi jicho langu linamtafuta katikati, pale alipokuwa anasimama siku zote. Hayupo. Nikamwona nyuma kabisa, ameketi kwenye benchi na kigoma kidogo, anapiga mdundo mmoja. Mmoja tu, haubadiliki. Ta-ta, ta-ta, ta-ta. Kichwa ameinamisha, jasho linamdondokea mikononi.

Mwanangu, aliyeongoza kikundi tangu ana miaka kumi na mbili!

Walipopumzika nilimfuata mwalimu, na wanafunzi wote wanasikia, nikamwambia, "Mwalimu, huyu ndiye alikuwa kiongozi wa ngoma shuleni kwao, mbona mmemweka nyuma?"

Mwalimu yule ana adabu sana, Mungu ambariki. Alinipa kiti kwanza. Akaniambia mama, hapa kila mmoja anapiga na kila mmoja anacheza, aliyekuja anacheza tunamweka kwenye ngoma, aliyekuja anapiga tunamweka mbele acheze. Binti yako anacheza vizuri, lakini alikuwa anaifuata ngoma bila kujua imeshikiliwa na nini. Huo mdundo unaouona mdogo ukiyumba, wale kumi mbele wote wanapotea. Tumempa yeye kwa sababu hayumbi.

Nilielewa. Lakini nilipogeuka, binti yangu alikuwa anatazama miguu yake, na wenzake wanatazamana. Alinisindikiza mpaka stendi hatujasema neno. Hotpoti aliipokea kwa mikono miwili kama tulivyomfundisha, na hapo ndipo nikaona viganja. Malengelenge manne mkono wa kulia, mawili yamepasuka, nyama nyekundu kabisa, ameyafunga kwa plasta iliyokwisha gundi. Nikataka kusema. Akaurudisha mkono nyuma.

Kwa wiki tatu baada ya hapo nilikuwa napata ujumbe wa maneno mawili, "Nipo salama." Pilau, nilikuja kuambiwa, waliila wenzake.

Nilimlalamikia mume wangu kwamba mtoto amebadilika, chuo kimemharibu. Yeye si mtu wa maneno. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Kwani aliyechaguliwa chuo ni yeye au ni wewe?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikubali, na niliyakubali mengi kwa mpigo. Kwamba kwa miaka minane nilikuwa na kazi ya pili niliyoipenda kuliko ya kwanza. Kwamba watu mtaani walikuwa wananiita mama wa ngoma, na jina hilo nililivaa. Kwamba nilipomuuliza kila jioni "mtaonyesha lini?" nilikuwa naulizia siku yangu mimi ya kukaa mbele. Mzazi wa mtoto anayesoma uhasibu anamkosa mtoto. Sisi wa sanaa tunamkosa mtoto na Jumamosi zetu pia, na hakuna anayekupa pole kwa ajili ya Jumamosi.

Kwa hiyo kaka, ushauri wangu ni huu. Usipige simu jioni. Jioni ni mazoezi. Piga Jumapili mchana, tena umwache aongee yeye. Usimuulize wataonyesha lini, wala amepewa nafasi gani, wala nani anaongoza. Mimi nilibadilisha swali, nikawa nauliza "umekula nini?", na ajabu ni kwamba swali hilo ndilo lililomrudisha kunisimulia mambo ya ngoma. Pesa mtumie kwa siku moja inayojulikana, hata kama ni kidogo. Mimi namtumia Jumatatu, elfu ishirini, na sifanyi iwe sababu ya kupiga simu. Na usiende bila kuitwa. Narudia, usiende bila kuitwa, hata kama pilau imeiva.

Wazazi wenzangu, niwaambie ukweli kwa upendo. Tumepigana sana ili watoto hawa waruhusiwe kucheza. Tumegombana na walimu wa taaluma, tumegombana na mashemeji, tumeuza vitu. Kupigana huko kumetufanya tudhani sanaa ile ni yetu. Si yetu. Tuwaache wakosee kwanza. Mtoto aliyekuwa nyota wa wilaya akifika chuo atakuwa mtu wa kawaida kwa muda, atapangwa nyuma, atabeba spika, atakunja mavazi ya wengine, na ukimhurumia kwa sauti unamwambia kwamba ameshuka. Hajashuka. Tukae kimya, jamani. Tuwaombee tukiwa majumbani mwetu, tutafute na sisi kitu cha kufanya. Mimi siku hizi Jumamosi nafundisha wasichana wawili wa mtaani cherehani, wanalipa kidogo kidogo, na mmoja ana mkono mzuri sana wa kutia zipu.

Tamasha la Bagamoyo lilipofika, lile la kila mwaka, niliitwa. Nilikaa safu ya nyuma kwa makusudi. Binti yangu hakupanda jukwaani hata mara moja, alikuwa nyuma ya pazia anawavisha wakubwa zao, na nilimwona mara mbili tu akipita mbio na sindano na uzi mdomoni. Sindano na uzi! Sikumwita.

Lakini jambo lililonifanya niandike kwa kirefu hivi lilitokea mwezi wa tatu mwaka huu. Alipiga simu yeye, Jumapili, akasema, "Mama, naomba namba ya bibi." Wamefikia muheme. Ile ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, unaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na yeye ilikuwa inamteleza. Mimi nimekulia mjini, muheme sijawahi kuushika, sikuwa na la kumwambia. Nikatuma namba.

Walizungumza saa nzima. Bibi yake ana zaidi ya miaka sabini, simu huwa anaishika mbali na sikio kama kaa la moto. Jioni yake aliniambia mwenyewe jinsi alivyomwelekeza: asiibane kwa nguvu za magoti, avute nyayo ndani, visigino vitazamane, ndipo paja linakaza lenyewe. Akamwambia pia ngoma ile wanawake walikuwa wanaipiga kwenye unyago, na kuna mapigo mengine hatamfundisha kwa simu, mpaka aende Kongwa. Kisha bibi akaniuliza swali: "Huyo mwalimu wao anajua kwamba mimi nipo?"

Likizo iliyopita binti yangu hakuja Dar moja kwa moja. Alipitia Kongwa, akakaa siku kumi na moja. Aliporudi alinishika mkono, nikasikia kiganja. Malengelenge yamekwisha, pamekuwa sugu, ngumu kama soli. Yule mkubwa wetu wa kikao alikuwepo Kongwa siku zile. Sijauliza kama alisema chochote, nami sitauliza.

Kaka wa Morogoro, kijana wako mpe taiti mbili nzuri, dawa ya kuchua, plasta nyingi, ndala, neti, na namba ya mtu mzima mmoja ambaye si wewe wala mama yake. Siku ya kumpeleka, mfikishe getini, mkabidhi begi, mpe mkono, kisha panda gari la kwanza linaloondoka. Mimi nilibaki nimekaa chini ya mwembe ng'ambo ya barabara mpaka saa kumi na moja jioni, na alikuwa ananiona dirishani muda wote.