Sikukuu za Gujarat kwa macho ya mgeni: jibu kwa ndugu zangu wa Tanga

Ndugu zangu, na hasa wadogo zangu mnaojaza fomu za kuja kusoma India, mmeniuliza swali moja kwa namna nyingi: je, sikukuu za huku zina nafasi ya mgeni Mwafrika, tena Mwislamu, au mtu hujifungia chumbani akisikiliza ngoma za wenzake? Nitajibu kwa niliyoyaona hapa Ahmedabad, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat, na lililo chungu sitalificha.

Kwanza, msidhani kwamba India ina kalenda moja ya sikukuu ambayo kilele chake ni Diwali. Kila jimbo lina yake. Katikati ya Januari, ambapo kwa hesabu ya jadi jua huanza safari yake ya kurudi kaskazini, Watamil hupika wali wa maziwa mpaka ukafurika chunguni na kuiita siku hiyo Pongal, watu wa Assam huwasha mioto ya Bihu, na Wagujarati hupanda juu ya mapaa kurusha tiara, nao huiita Uttarayan.

Sikukuu inayoitambulisha Gujarat hasa ni Navratri, yaani siku tisa za kumtukuza mungu wa kike Amba, ambazo huangukia Septemba au Oktoba kwa kufuata mwezi. Chungu cha udongo chenye matundu na taa ndani yake, au sanamu ya mungu huyo, huwekwa katikati, na watu huzunguka kwa duara wakipiga makofi na kucheza garba, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika mwezi Desemba 2023. Katika vichochoro vya mji mkongwe, ambavyo wenyeji huviita pol, wachezaji ni majirani wenyewe: bibi na wajukuu zake, muuza maziwa, mwanafunzi aliyepanga chumba cha juu. Hakuna kiingilio. Nje ya mji kuna Navratri nyingine kabisa, ya viwanja vikubwa vyenye majukwaa, waimbaji wa kulipwa, taa kali na tiketi, ambako vijana hufika wamevaa nguo zilizotariziwa vioo, baada ya kujifunza hatua kwa wiki kadhaa katika madarasa maalumu. Pombe imepigwa marufuku Gujarat tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960, na mabinti hurudi nyumbani usiku wa manane kwa pikipiki zao, jambo ambalo wenyeji hujivunia, nami naona wana haki ya kujivunia.

Hata hivyo, viwanja hivyo vya tiketi ndivyo vinavyoweza kumuumiza mgeni. Kuna waandaaji wanaodai kitambulisho mlangoni na kuwarudisha wasio Wahindu, na kuna makundi ambayo kila mwaka hushinikiza jambo hilo litekelezwe. Mwenye jina la Kiislamu kama langu asitoe fedha zake kabla ya kuuliza. Mtaani kwangu ilikuwa kinyume: mama mmoja jirani alikuja mwenyewe kunigongea mlango, akaniambia si vizuri nikae peke yangu wakati mtaa mzima uko nje. Najua mama yangu atataka kujua habari ya dini. Wakati wa ibada yao mimi husimama pembeni, na duara la ile taa siingii. Husaidia kupanga viti na kugawa maji, kisha hukaa na wazee tukazungumza. Hakuna aliyewahi kunilazimisha zaidi ya hapo, na Idi ikifika majirani haohao huja kunipa mkono.

Uttarayan, tarehe 14 Januari na siku inayofuata, ndiyo sikukuu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haimwulizi mtu imani yake. Tiara nyingi hutengenezwa na mafundi Waislamu wa mitaa kama Jamalpur, na huruka juu ya nyumba za kila mtu. Tangu mwaka 1989 kuna pia tamasha la kimataifa la tiara, ambalo siku hizi hufanyika kando ya mto Sabarmati kwa shangwe za serikali na watalii, lakini utamu wenyewe uko mapaani, kwenye mboga ya undhiyu na kashata za ufuta. Hatari yake ni uzi. Hupakwa unga wa vioo ili ukate uzi wa mpinzani, na ule wa nailoni, ambao ulipigwa marufuku nchini kote mwaka 2017, bado huuzwa kwa siri; hukata mabawa ya ndege na shingo za waendesha pikipiki. Siku hizo msipande pikipiki isiyofungwa waya wa kinga mbele, na ikiwezekana msipande kabisa.

Jambo ambalo wengi wenu hamlijui ni kwamba Gujarat ina watu wenye asili yetu. Hao ni Wasidi, ambao wazee wao waliletwa au walikuja kutoka Afrika karne nyingi zilizopita, na sasa wanaishi katika vijiji kama Jambur, karibu na msitu wa Gir. Huzungumza Kigujarati, lakini kwenye sherehe za kaburi la walii wao Bava Gor hupiga ngoma ambazo mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Serikali huwaita kuzicheza mbele ya wageni, na inanihuzunisha kwamba wengi wanaowashangilia jukwaani hawangewapangisha chumba.

Na kuhusu chumba, wenye nyumba wengi hawataki mpangaji anayepika nyama, ulizeni mapema. Anayekuja muhula wa Oktoba amalize shughuli zake kabla ya Diwali, kwa maana siku moja au mbili baadaye huanza mwaka mpya wa Kigujarati, watu hutembeleana wakisalimiana kwa “Sal Mubarak”, na maduka mengi hayafunguliwi mpaka siku ya tano, Labh Pancham, ambayo wafanyabiashara huiona kuwa ya heri kuanzia hesabu mpya.