Gwaride la utambuzi halianzii kwenye mstari

Tangu rufaa yetu ikubaliwe mwezi uliopita, mawakili vijana wananiandikia wakiuliza swali moja: gwaride la utambuzi, lile la mtuhumiwa kupangwa mstarini na watu wengine ili shahidi amwonyeshe, likiwa na mashahidi watatu uliliangushaje?

Niliyarudia maelezo ya mwanzo, yale polisi waliyoandika usiku wa tukio. Wote watatu walisema "kijana mwenye panga", basi. Mteja wangu ana kovu linaloanzia jichoni hadi kidevuni! Mtu uliyemkazia macho chini ya taa, kovu kama hilo utaacha kulitaja? Halafu kwenye gwaride akapangwa na watu wanane wasio na hata alama usoni. Mahakama ya chini niliyasema haya yote, nikajibiwa kwamba mashahidi walikuwa na uhakika. Kijana akafungwa, akamwacha mtoto wa mgongoni. Leo katoka, mtoto anasoma na hamjui. Ushindi huu najivunia, lakini hilo linaniuma mpaka sasa.

Uhakika wa shahidi usiwatishe. Kule Marekani, Ronald Cotton, mtuhumiwa wa ubakaji, alitambuliwa kwa picha, kisha kwenye gwaride. Aliyemtambua akaambiwa kwamba ndiye yuleyule aliyemchagua pichani, uhakika ukazidi. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10, hadi vipimo vya vinasaba vilipomsafisha mwaka 1995.

Kwa hiyo anzeni na maelezo ya mwanzo. Kesi ya Waziri Amani ya 1980, ambamo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza jinsi ya kupima utambuzi wa macho, ikaeni nayo kichwani: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga upi, alimfahamu kabla? "Kulikuwa na taa" si jibu. Taa gani, ilikuwa wapi, ilimmulika nani? Kanuni za gwaride zilizotokana na kesi ya Mwango, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, zipo tangu 1936: watu wasiopungua wanane wanaofanana na mtuhumiwa, yeye achague pa kusimama, mpelelezi wa kesi asisimamie gwaride. Nasema tena, maelezo ya mwanzo!

Nanyi ndugu zetu polisi, nendeni hatua moja mbele. Gwaride lisimamiwe na askari asiyejua mtuhumiwa ni yupi. Shahidi aambiwe wazi kwamba mhalifu huenda hayupo. Maneno yake yaandikwe palepale kama alivyoyatamka, hata akisema "nadhani ni huyu". Hiyo "nadhani" mkiiacha nje ya rejesta ya gwaride, mahakamani atafika akisema "ni yeye kabisa", na hakimu hatakuwa na njia ya kujua kwamba siku ile alisitasita.